Tepu ya kupimia, matangi ya samaki na amidi mmoja: kisa cha MIT

Kila mada ya usawa vyuoni ikiibuka maneno ni yale yale, utofauti, ujumuishi, sera, mpango mkakati, picha ya wanafunzi wa kila rangi wanacheka kwenye nyasi, halafu ukiuliza nani alifanya nini na lini watu wanaanza kukohoa. Kwa hiyo leo nachukua kisa kimoja tu nakichambua, cha Massachusetts Institute of Technology (MIT) kule Marekani, kilianza 1994 kikalipuka hadharani 1999. Nimekichagua kwa sababu kina majina na kina namba, na kina kiongozi ambaye unaweza kuonyesha kwa kidole kwamba hapa alifungua mlango, na hapa alipoondoka mlango ukaanza kujirudi wenyewe.

Tuanze na mama mwenyewe. Nancy Hopkins ni mwanabaiolojia wa molekuli, alifika MIT 1973 kwenye kituo chao cha utafiti wa saratani, akafanya kazi miaka mingi kwenye virusi vinavyosababisha saratani kwa panya. Alikuwa mtu wa kuamini kabisa kwamba sayansi haina upendeleo, ukifanya kazi nzuri utaonekana, na wale wanawake waliokuwa wanalalamika kuhusu ubaguzi alikuwa anawaona kama watu wa siasa zao. Akapanda mpaka uprofesa kamili akiwa bado anaamini hivyo. Sasa mwishoni mwa miaka ya 80 kuingia 90 akaamua kubadilisha uwanja, akahamia kwenye samaki zebra, wale wadogo wenye mistari ambao kiinitete chao unaweza kukiona ndani jinsi kinavyokua maana kiko wazi kama kioo. Utafiti wa samaki unahitaji matangi, matangi yanahitaji nafasi, akaomba aongezewe futi za mraba 200. Hicho ni chumba cha mita nne kwa nne na ushee, sio uwanja wa mpira.

Akanyimwa. Akaambiwa nafasi aliyonayo inatosha, ni sawa na ya wenzake.

Hapa ndo naipenda hii stori. Mama hakubishana, alichukua tepu ya kupimia, usiku watu wakishaondoka akawa anapita maabara moja baada ya nyingine anapima sakafu, anaandika, anapiga hesabu. Profesa kamili wa MIT anatambaa na tepu usiku kama fundi wa vigae! Majibu yakatoka: wanaume wa cheo chake walikuwa na nafasi kubwa kuliko yake kwa mbali, na hata wanaume wadogo kwake kicheo, wale ambao hata ajira ya kudumu hawajapata, baadhi walikuwa wanamzidi. Akapeleka vipimo vyake kwa waliohusika na nafasi na bado hawakumwelewa. Yaani namba ipo mezani na mtu anakuambia sio hivyo.

Haijapita muda ikaja ya somo. Kulikuwa na somo la biolojia la mwaka wa kwanza ambalo yeye alishiriki kulitengeneza na kulifundisha, na wanafunzi walikuwa wanalipenda, akaambiwa anatolewa, mwanaume atachukua nafasi yake. Hilo ndo lilimaliza uvumilivu. Akaandika barua kali kwa rais wa chuo, Charles Vest, lakini kabla ya kuituma akaona aionyeshe kwa mwenzake mmoja asije akaonekana kichaa. Mwenzake huyo ni Mary-Lou Pardue, mwanajenetiki mkubwa, mjumbe wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, na alikuwa mtu mkimya ambaye Hopkins hakujua kabisa anawaza nini. Pardue akaisoma yote taratibu, halafu akasema na yeye anataka kusaini.

Wakakaa wakajiuliza, kwani tuko wangapi humu? Na hili swali ndo muhimu, watu waliokaa pale miaka ishirini hawakuwahi kuhesabu. Wakachukua orodha ya kitivo kizima cha sayansi, idara sita, wakakuta wanawake wenye ajira ya kudumu ni 15. Wanaume? Karibu 200. Ukichanganya na walimu ambao hawajapata ajira ya kudumu wanawake walikuwa asilimia 8 tu, na asilimia hiyo ilikuwa haijasogea kwa miaka isiyopungua kumi, huku kwenye baadhi ya idara wanafunzi wa shahada ya kwanza wa kike wakiwa wengi kuliko wa kiume. Kwa hiyo ile hoja ya "subirini, mabinti wakisoma sayansi kwa wingi watapanda wenyewe" ilikuwa imekwisha kufa, mabinti walishasoma, walishajaa madarasani, ila ngazi haikuwa inawapandisha.

Wakaanza kuzunguka ofisi kwa ofisi. Kila mwanamke alikuwa amebeba lake peke yake, anadhani ni bahati mbaya yake au tabia ya mkuu wake wa idara, na wengi hawakuhitaji kubembelezwa, walisikiliza dakika chache wakasema niandike. Walifika 16 waliosaini, ukijumlisha na wa uhandisi wenye nafasi pia kitivoni hapo, yaani karibu wote waliofuatwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hawa walikuwa vidole vyenye tuzo, huwezi kusema ni walalamishi waliofeli.

Sasa ndo anaingia mtu ambaye mimi ndo nataka tumtazame. Amidi wa kitivo cha sayansi alikuwa Robert Birgeneau, mwanafizikia, Mkanada. Kiangazi cha 1994 hao wanawake wakamfuata ofisini wakiwa kundi. Walichoomba ni kidogo sana ukikiangalia, hawakuomba mtu afukuzwe wala pesa, waliomba kamati tu ya kukusanya data na kuangalia kama wanatendewa sawa. Birgeneau akasikiliza kila mmoja akieleza lake, na kwa maelezo ya waliokuwepo hakuchukua muda kuelewa kwamba hizi sio kesi kumi na sita tofauti, ni kesi moja imejirudia mara kumi na sita.

Amidi wengi hapo wangefanya nini? Wangesema asanteni kwa kuleta suala hili, tutaliangalia. Na ukweli ni kwamba shinikizo la kufanya hivyo alikuwa nalo, maana wakuu wa idara wengine hawakuitaka hiyo kamati. Ilikuwa ile funika kombe mwanaharamu apite, kwani kuna tatizo gani, sisi ni watu wema, tunaajiri kwa sifa, hao kina mama tunawaheshimu. Birgeneau akaenda kwa rais Vest, Vest akamwambia endelea. Ikabidi wajadiliane, na hapo kukatokea kitu cha kisiasa ambacho nadhani ndo kiliokoa jambo zima: kamati isiwe ya wanawake watupu. Wakaingizwa wanaume watatu wazito, mmojawapo Jerome Friedman, yule aliyepata Nobeli ya fizikia 1990. Unaweza kukasirika ukasema kwa nini wanawake waamini tu pale mwanaume mwenye Nobeli akishuhudia, na uko sahihi kukasirika, lakini kimbinu ilifanya kazi sana. Ripoti ikitoka hakuna atakayesema ni hasira za kina mama, kuna watu watatu wa upande mwingine waliokaa kwenye vikao vyote, wakasikia kwa masikio yao, na wenyewe wakashtuka.

Kamati ikaanza 1995 na Hopkins ndo mwenyekiti, wakahoji walimu wanawake, wakaangalia nafasi za maabara, mishahara, tuzo, nani anapewa kamati zenye nguvu, chuo kingine kikimtaka mtu wetu tunahangaika kiasi gani kumbakisha. 1996 wakampa Birgeneau ripoti, ikawa siri, kwa sababu wanawake walikuwa wachache kiasi kwamba ukiandika "profesa mmoja wa idara fulani" kila mtu anajua ni nani.

Matokeo yenyewe yana kitu kimoja ambacho sijawahi kukisahau tangu nikisome. Wanawake vijana, wale walioajiriwa juzi, walisema wao hawaoni shida, idara zao zinawasapoti, ubaguzi ulikuwa zamani, wasiwasi wao mkubwa ni watoto na kazi vitaendaje pamoja. Wanawake wakubwa ndo walisema wamewekwa pembeni, hawaitwi kwenye maamuzi, hawaonekani. Sasa ukiwa mvivu utasema basi tatizo linaisha, kizazi kipya kiko sawa. Kamati ikauliza swali la pili: hawa wakubwa walipokuwa vijana walisemaje? Walikuwa wanasema vile vile! Kila kizazi kiliingia kikidhani kilichotangulia kimeshamaliza tatizo, halafu mtu akipanda, akianza kugusa rasilimali kubwa na madaraka, ndo anakuta ukuta. Kuwekwa pembeni kulikuwa kunaongezeka kadiri mtu anavyopanda cheo. Kwa hiyo kiongozi anayefanya uchunguzi kwa kuwauliza walimu wapya tu kama wanajisikia vizuri atapata jibu tamu na la uongo, bila mtu yeyote kudanganya.

La pili, ubaguzi walioukuta haukuwa na mhalifu. Hakukuwa na mzee mmoja anaitwa mbaya wa idara. Ripoti ilieleza kwamba ni mazoea na dhana zenye nguvu ambazo watu wenyewe hawazioni, zinafanya kazi dhidi ya wanawake hata pale kwenye nia njema ya wazi. Hii ni ngumu kumeza kwa sababu sisi tumezoea kutafuta wa kumlaumu, tukimkosa tunasema basi hakuna kosa. Futi za mraba hazikugawiwa kwenye kikao cha watu waliosema tuwanyime wanawake, ziligawiwa kidogo kidogo, huyu kaja kaomba kwa sauti kubwa, yule anacheza tenisi na mkuu wa idara, huyu amepata ofa ya chuo kingine tumbembeleze, na baada ya miaka ishirini tepu inakuja kusoma jumla.

Na Birgeneau alifanya nini kabla dunia haijajua chochote? Alirekebisha. Mishahara ya wanawake iliyokuwa chini akaipandisha, nafasi za maabara zikaangaliwa upya, na kubwa zaidi akawabana wakuu wa idara kwenye ajira, mkileta orodha ya wanaume watupu mniambie mlitafuta wapi. Amidi ana mkono kwenye vitu vitatu, pesa, nafasi na ajira, na yeye aligusa vyote vitatu bila kuandaa hata warsha moja. Kufikia 1999 idadi ya wanawake wenye ajira ya kudumu kitivoni ilikuwa njiani kupanda kwa kama asilimia 40, na kwa mara ya kwanza wanawake wakawa wanaelekea kuvuka asilimia 10 ya walimu wote wa pale. Ndio, 10. Kwa mara ya kwanza.

Machi 1999 toleo la wazi la ripoti likachapishwa kwenye jarida la ndani la walimu wa MIT, na aliyeandika utangulizi ni Lotte Bailyn, mwenyekiti wa baraza la walimu wakati huo. Rais Vest akaombwa aweke maneno yake. Akaandika kwamba siku zote aliamini ubaguzi wa kijinsia vyuoni siku hizi ni sehemu uhalisia na sehemu hisia za watu, na kwamba hilo ni kweli, ila sasa anaelewa kuwa uhalisia ndo sehemu kubwa zaidi kwa mbali.

Maneno machache tu hayo, lakini fikiria mawakili wa chuo wakiyasoma. Rais wa chuo kinachoweza kushtakiwa anakubali kwa maandishi kwamba malalamiko ni ya kweli. Mficha uchi hazai, na Vest aliamua kutoficha. Gazeti la Boston Globe likaiweka ukurasa wa mbele, siku mbili baadaye New York Times nao ukurasa wa mbele, na kabla mwezi uliofuata haujaisha Hopkins kaalikwa Ikulu ya Marekani kwa kina Clinton kwenye shughuli ya malipo sawa. Barua zikaanza kumiminika kutoka kwa wanawake wa vyuo vingine wakisema hiki ndo changu. Mimi naamini ripoti peke yake bila yale maneno ya Vest ingekuwa habari ya siku moja. Habari ilikuwa ni kwamba bosi kakubali.

Ila tusimalize kwa kupiga makofi, wapo waliokosoa na hoja zao zingine zina uzito. Judith Kleinfeld wa Chuo Kikuu cha Alaska alisema hii sio sayansi, data zimefichwa, na mlalamikaji mkuu ndo kawa mwenyekiti wa kamati ya kuchunguza malalamiko yake mwenyewe. Kuhusu data, sababu ya usiri naielewa, lakini ni kweli kwamba mtu wa nje hawezi kuhakiki, na chuo cha wanasayansi kikisema tuamini tu kinajitia doa. Kuhusu uenyekiti, kwa kweli angekuwa mtu mwingine ingekuwa safi zaidi. Lakini swali langu kwa wakosoaji ni dogo tu, asilimia 8 isiyosogea mlitaka ihakikiwe mara ngapi? Ile ilikuwa orodha ya majina, kila mtu angeweza kuhesabu.

Kosa lingine, na hili halizungumzwi sana, ni kwamba kisa kizima kiliangalia jinsia tu. Rangi haikuwepo mezani. Walimu weusi na wa asili ya Kilatino pale MIT ilibidi wasubiri uchunguzi wao wenyewe, ambao ripoti yake ilikuja kutoka Januari 2010 chini ya uongozi wa Paula Hammond, profesa wa uhandisi wa kemikali, mwanamke mweusi. Miaka kumi na moja baadaye! Kumbe hata aliyejifunza kuona upande mmoja anaweza kubaki kipofu upande wa pili, na ukiwaza mwanamke mweusi mwaka 1995 angehesabiwa kwenye kundi gani unaona jinsi mtu anavyoanguka katikati ya viti viwili.

Sasa sehemu inayoniuma. Mwaka 2000 Birgeneau akaondoka, akaenda kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Toronto, baadaye akaja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hopkins, mwanasayansi mpaka mwisho, mwaka 2006 akachora grafu ya idadi ya walimu wanawake kwenye kitivo cha sayansi kwa miaka yote. Mstari wake sio mlima unaopanda taratibu kama tunavyopenda kuamini kuhusu maendeleo, ni ngazi. Umepanda ghafla mwanzoni mwa miaka ya 70, wakati serikali ya Marekani ilipoanza kuvibana vyuo kwa sheria za ajira, halafu tambarare miaka na miaka, halafu ukapanda ghafla tena kati ya 1997 na 2000, enzi za Birgeneau na ripoti yake, halafu baada ya kuondoka tambarare tena. Ukiweka kidole kwenye kila ngazi unakuta kuna mkono uliosukuma. Hakuna hata sehemu moja ambapo mambo yalijipa yenyewe.

Na hiyo tambarare imetokea huku kelele zikiwa juu kabisa. Januari 2001 wakuu wa vyuo tisa, Harvard, Stanford, Yale, Princeton na wenzao, walikutana hapo hapo MIT wakatoa tamko la kukubali kwamba vikwazo vipo. Shirika la ufadhili la Ford Foundation lilitoa pesa kusaidia vyuo vingine vifanye kama MIT. 2002 vitivo vingine vya MIT vikatoa ripoti zao. Kwa hiyo nje chuo kilikuwa mfano wa dunia, ndani mstari umelala. Mtu anaweza kusema ajira huwa zinakuja kwa mawimbi, sawa, lakini kwa nini wimbi lilifuata muda wa ofisi ya mtu mmoja?

Mambo mengine yalishika kwa sababu yaliwekwa kwenye kanuni na kwenye zege. Jengo la Stata la hapo MIT lilipofunguliwa 2004 lilikuwa na kituo cha kulelea watoto ndani yake. Mwishoni mwa mwaka huo huo Susan Hockfield akawa rais wa kwanza mwanamke wa MIT. Wiki chache baadaye, Januari 2005, rais wa Harvard Lawrence Summers akasimama kwenye mkutano wa wachumi akadokeza kwamba uchache wa wanawake kwenye ngazi za juu za sayansi unaweza kuwa na sababu za tofauti za uwezo wa kuzaliwa nao, na kwenye ukumbi alikuwepo nani? Hopkins. Akafunga kompyuta yake akatoka nje. Mwaka uliofuata Summers akatangaza kujiuzulu, ingawa alikuwa na ugomvi mwingine pia na walimu wake.

Ripoti ya 2011 ilirudi kuangalia. Walimu wanawake wa sayansi walikuwa wametoka 30 kufika 52, wa uhandisi kutoka 32 kufika 60, na wengi walisema maisha yao pale yamebadilika kweli. Lakini soma malalamiko mapya yanachekesha na kusikitisha. Kwa kuwa sasa kila kamati lazima iwe na mwanamke, na wanawake bado wachache, basi wanawake walikuwa wanaishi kwenye vikao, dawa imegeuka mzigo kwa mgonjwa. Na mwanamke akiajiriwa kuna wanaonong'ona kwamba kapewa kwa sababu ya jinsia, viwango vimeshushwa. Hakuna aliyenong'ona hivyo kuhusu wale wanaume waliopewa futi za mraba kwa kucheza tenisi.

Nimesahau samaki. Hopkins alipata nafasi yake ya matangi, haikuja kwa wale waliomwambia inatosha, ilikuja baada ya Birgeneau kuingilia. Maabara yake ikaanza kuvuruga jeni za samaki zebra kuona ipi ikiharibika kiinitete hakikui, na mwaka 2004 wakachapisha orodha ya jeni 315 ambazo samaki hawezi kukua bila hizo. Zilitoka kwenye utafiti ule ule ulionyimwa chumba cha mita nne kwa nne.